Fiziotherapia ya goti: siku ya kwanza wanafanya nini?

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Nimepewa rufaa ya fiziotherapia, goti halikunjiki vizuri tangu nifanyiwe upasuaji. Ni kukandwa tu au kuna mengine?

*

Pole sana mdogo wangu. Kukandwa ni sehemu ndogo, na huenda usikandwe kabisa. Siku ya kwanza ni ya maswali na vipimo. Vaa kaptura, maana goti litatazamwa wazi na kulinganishwa na lile zima. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuangalia unavyotembea, kisha ataweka ubavuni mwa goti kipimo chenye mikono miwili, kama rula mbili zilizofungwa pamoja, asome nyuzi: 0 mguu umenyooka, na kuinuka kitini bila taabu kunataka kupita 90. Nguvu za misuli hupewa alama 0 hadi 5. Yeye anasukuma, wewe unakaza.

Maumivu nayo yanaulizwa kwa namba, 0 hadi 10. Hapo ndipo wengi wetu tunapojiponza. Mtu anaulizwa hali, anajibu "nzuri tu, namshukuru Mungu", na mtaalamu anaandika nzuri! Sema ilivyo: nikishuka ngazi linachoma, usiku linaniamsha. Kama lugha inakusumbua, omba mkalimani unapopanga miadi. Usimtumie mtoto wako.

Kazi yenyewe iko nyumbani. Utapewa mazoezi yanayoonekana ya mchezo, mfano kunyoosha mguu kitandani na kukaza paja huku unahesabu hadi 5. Yafanye hivyo hivyo. Mashine za umeme na barafu zinasaidia, ila hazichukui nafasi ya mazoezi. Misuli ikiuma siku moja au mbili usishtuke. Goti likizidi kuvimba, mwambie apunguze zoezi.

*

Dada kasema yote, mimi naongeza mawili. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na linauma, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyo hiyo; baada ya upasuaji huenda ni damu iliyoganda. Ukikosa pumzi ghafla, piga simu ya dharura.

La pili, kabla ya kuanza uliza bima yako inalipia vipindi vingapi na wewe unachangia kiasi gani kwa kila kimoja. Vikiwa vichache, mwambie mtaalamu mapema avitawanye, katikati ufanye mwenyewe.