Mafia siku tatu kwa ndege ndogo: tufungashe nini, twende lini?

Wakuu, natafuta ushauri wa safari ya kisiwa cha Mafia. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa Novemba. Tunatokea Dar, na tunataka kupiga mbizi pia.

Jibu 1: Novemba ni sawa, papa potwe wanaonekana upande wa Kilindoni. Epukeni Aprili na Mei, masika hufungisha hoteli nyingi. Ndege ndogo aina ya Caravan huruka kama nusu saa tu. Mizigo ndiyo kazi: kawaida kilo 15 kwa mtu, begi laini. Sanduku gumu haliingii vizuri kwenye tumbo la ndege, laweza kubaki. Msishangae nanyi mkipimwa uzito; rubani anasawazisha uzito wa ndege.

Jibu 2: Mkuu, mbizi ya mwisho iishe saa 18 hadi 24 kabla ya kuruka, la sivyo naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu. Kwa siku tatu, zamieni siku ya pili asubuhi. Ya tatu ni ya kisiwa kidogo cha Chole, magofu na popo.

Jibu 3: Kwenye bajeti wekeni na ada ya hifadhi ya bahari, inahesabiwa kwa siku. Na msiunganishe na ndege ya kimataifa jioni ileile, mvua ikichelewesha mmekwama.