Winston Smith wa "1984": anguko lake ni tanzia, au alijitakia?

Mtoa mada:
Wakuu, tanzia ni hadithi ya anguko la shujaa linalotutia huruma. Kwenye riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1949, Winston, anayeishi chini ya dola ya kidikteta, anakaa pembeni ambapo runinga inayompeleleza haimwoni, anaandika "4 Aprili 1984" na kuanza shajara. Kurasa chache mbele ameshajihesabu maiti. Kisha anapanga chumba juu ya duka lile lile aliponunua daftari, na yeye na Julia, mpenzi wake, wote wanajua kuwa ni wazimu. Mtu anaona shimo na bado analiendea. Tumlilie kwa lipi? Kwangu hii si tanzia.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kujua kwamba utakufa na kujua nani atakumaliza ni mambo mawili. Kifo alikitarajia. Hakutarajia kwamba Bwana Charrington, mzee mpole wa dukani, ni Polisi wa Fikra (wanaowinda wenye mawazo ya uasi), wala kwamba runinga ilikuwa nyuma ya picha ya ukutani. Na O'Brien, kigogo wa chama tawala aliyejifanya mwasi mwenzake, Winston alimwamini kwa ndoto ya miaka 7 nyuma na kutazamana macho kidogo tu! Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, anadai shujaa wa tanzia aanguke kwa kosa, si kwa uovu. Kosa lenyewe ndilo hilo. Limetokana na nini? Na njaa ya kupata mtu mmoja wa kusema naye ukweli. Kilicho chema ndani yake ndicho kilichomponza.

Mchangiaji wa pili:
Aristotle huyo huyo anazungumzia utambuzi, yaani shujaa kuufahamu ukweli wa hali yake, na hapo Winston anafeli. Mlinganisheni na Kinjeketile, kiongozi wa Maji Maji kwenye tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969). Yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, anakataa kwa sababu anajua watoto wa kesho wataambiwa nini. Anaangamia na nafsi yake. Winston anaonyeshwa kizimba cha panya na kupiga kelele afanyiwe Julia badala yake. Tena msisahau: nyumbani kwa O'Brien aliulizwa kama angemmwagia mtoto tindikali usoni kwa ajili ya harakati, akajibu ndiyo. O'Brien alirekodi, akaja kumsikilizisha wakati wa mateso.

Mchangiaji wa kwanza:
Suala la tindikali ni zito na silitetei. Lakini fuateni hatua za mateso. Kabla ya Chumba 101, kile cha panya, ameshapigwa, ameshakiri hata asiyoyafanya, ameshaandika kwamba mbili na mbili ni tano. Bado anatofautisha kukiri na kusaliti: kusaliti ni kuacha kumpenda Julia, na hilo hajalifanya. Anaweweseka usingizini akiita jina lake, ndipo anapelekwa 101. Dola haina haja ya kumwua mtu mwenye kitu hicho kifuani, inakitoa kwanza.

Utambuzi haukukosekana, mkuu. Uling'olewa. Someni tena kurasa za mwisho, pale kafe ya Chestnut Tree. Mbele yake kuna pombe ya jini yenye karafuu na ubao wa sataranji. Bila kuitwa, inamjia kumbukumbu ya utotoni: mama yake, mshumaa, mvua nje, wanacheza mchezo wa nyoka na ngazi huku mdogo wake akicheka. Anaifukuza, anajiambia ni kumbukumbu ya uongo, anaokota tena farasi mweupe. Anayetambua kilichopotea hapo ni msomaji, peke yake.

Mtoa mada:
Kwa kumbukumbu ile umenibana, nakiri. Nilikuwa napima anguko kwa kukamatwa, kumbe liko kwenye ule mkono unaorudi kwenye sataranji.

Ila sasa napata shida nyingine. Julia naye amepitishwa humo humo. Wanakutana bustanini siku ya baridi ya Machi: ana kovu refu kwenye paji la uso hadi kando ya kichwa, kiuno kimekakamaa kama maiti, na anasema waziwazi kwamba alimsaliti. Hatuonyeshwi hata saa moja ya mateso yake. Kama tunakubaliana hii ni tanzia, kwa nini huruma yote tumempa Winston?