Mjadala: Michango ya tetemeko la Kagera ilikuwa ya nani?

MLETA MADA

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za saa hizi.

Jambo hili limenikaa kifuani tangu mwaka 2016, na lililonifanya nilitoe leo ni maafa ya Hanang, mkoani Manyara. Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikazoa watu Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Serikali iligharamia mazishi na matibabu ya majeruhi, kisha ikajenga nyumba zaidi ya 100 na kuwakabidhi waliobomolewa. Nilifurahi kwa ajili yao, tena sana. Lakini mimi ni mtu wa Bukoba, na nilipoona watu wanakabidhiwa funguo nilimkumbuka mama yangu mkubwa wa Hamugembe.

Kwa ambao mlikuwa wadogo: Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, Missenyi, kilomita kama 40 kwenda chini. Upande wetu walihesabiwa waliokufa 17, na ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, nako watu walikufa. Majeruhi walipita 400. Nyumba zaidi ya 2,000 zililala chini, na nyingine zaidi ya 14,000 zikabaki na nyufa ambazo mtu akiziona halali ndani. Zilikuwa zimebaki siku mbili Idi ya kuchinja.

Nchi ilijitoa, hilo lazima lisemwe. Rais Magufuli aliahirisha safari ya Zambia, alikokuwa amealikwa kwenye kuapishwa kwa Rais Lungu. Kenya ilileta mabati, magodoro na mablanketi. Museveni aliahidi dola 200,000. Kampuni, balozi na watu binafsi walipanga foleni kukabidhi hundi. Mimi nilikuwa Dar, ofisini kwetu ikapitishwa bahasha ya kaki meza kwa meza, juu imeandikwa kwa kalamu nyekundu "Wahanga wa tetemeko Kagera". Niliweka elfu hamsini, nikimwona mama mkubwa machoni.

Januari 2017 Rais alipofika Bukoba alilisema bila kuzunguka: tetemeko halikuletwa na Serikali, na Serikali haitajenga nyumba za watu, kila mmoja ajijengee. Fedha zikaelekezwa kwenye majengo ya umma. Ninajua baadhi ya kaya zisizojiweza zilipata mabati na saruji kidogo, na sitalificha hilo. Lakini waliobaki walirudi kwenye maturubai yao.

Hoja yangu ni moja. Fedha iliyoombwa kwa jina la mtu ni amana ya mtu huyo. Shule ya umma ikianguka, kuisimamisha ni kazi ya bajeti ya nchi, iwe tetemeko limepita au halijapita. Uingereza ilitoa fedha zake kwa ajili ya shule ya sekondari ya Ihungo, ikataja Ihungo, na Ihungo ikajengwa. Hapo sina neno. Bahasha yangu haikutaja Ihungo.

Na tunapotaja wale 17 tusidhani hesabu imeishia pale. Mama mkubwa hakujeruhiwa hata kidole, alikuwa kibanjani akikata majani ya migomba. Ukuta wa mbele uliangukia barazani na chumba cha nyuma kikafunguka kama kabati. Alilala chini ya turubai miezi saba, na mvua za Bukoba mnazijua. Tulimbembeleza aende kwa bintiye Geita akakataa, kaburi la mume wake liko palepale kibanjani, atamwachia nani? Mwaka wa pili magoti yalimshinda, akaenda. Sasa migomba imesongwa na magugu na kaburi lenyewe unalitafuta kwa fimbo. Yule hayumo kwenye hesabu yoyote, si ya waliokufa wala ya waliojeruhiwa. Mji wake ulizimika, basi.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

MWALIMU MSTAAFU, MULEBA

Ndugu mleta mada, pole kwa ya mama mkubwa. Lakini mimi niko upande wa uamuzi ule na nitaeleza kwa nini.

Chukua hizo dola 200,000 za Uganda. Zigawe kwa nyumba 2,000 zilizoanguka kabisa, ukiziacha zile 14,000 za nyufa. Kila nyumba inapata dola 100, kwa shilingi za wakati ule laki mbili na ushee. Haijengi hata msingi. Fedha hiyohiyo ikiwekwa pamoja inapandisha madarasa ya watoto wa kata nzima. Shule za Ihungo na Nyakato zilifungwa, vijana wakarudishwa makwao. Nimefundisha miaka 34, ninajua mtoto akikatishwa masomo kinachofuata. Ile nayo ni hasara ya utu, na haionekani kwenye turubai.

Hanang usiifananishe na Kagera. Kule ni nyumba mia na ushee mahali pamoja, huku ni maelfu, wilaya kwa wilaya. Halafu Hamugembe ile unayoitaja nusu yake ni wapangaji. Nani angepewa? Mwenye nyumba anayeishi Mwanza, au mama lishe aliyepoteza kitanda, jiko na sufuria zake humo ndani? Ungegawa fedha ile ungeleta ugomvi ambao hadi leo ungekuwa kwenye mabaraza ya ardhi.

Na uaminifu je? Mwezi uleule wa Septemba Rais alitengua uteuzi wa viongozi wawili, mmoja wa mkoa na mwingine wa manispaa, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Ukiwa rais na unaambiwa hayo, fedha utaipitisha wapi? Jengo huwezi kulitia mfukoni.

FUNDI, KASHAI

Wazee wangu nawasikiliza wote wawili lakini mnabishana juu ya bati wakati watu hawakuuawa na bati. Waliuawa na ukuta.

Mimi nimejenga Bukoba zaidi ya miaka ishirini. Nyumba nyingi zilizolala zilikuwa za tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, halafu juu yake unapigwa plasta ya saruji na rangi. Mpita njia anaona nyumba ya saruji. Ndani hakuna lenta ya nondo inayozunguka, kuna ubao tu juu ya mlango na dirisha. Kona hazikufungwa, ukuta huu na ule zimegusana tu. Ikitikiswa kila ukuta unakwenda kivyake na kenchi inashuka katikati. Zile zilizokuwa na lenta ya kuzunguka zilipasuka, nimeziona kwa macho yangu, lakini watu walitoka wakiwa hai.

Sasa la kuuma. Baada ya tetemeko nimeitwa kujenga upya nyumba sita. Watu walikwangua udongo kwenye tofali zilezile, wakazipanga pembeni, wakaniambia fundi panda nazo, hela ya nondo hatuna. Nilipanda. Sikuwa na raha lakini nilipanda, maana mvua ilikuwa inanyesha na watoto wako nje. Mngewapa ile laki mbili ya mwalimu wangeleta bati jipya juu ya kaburi lilelile.

Ningekuwa mimi ndiye naulizwa, fedha ile ingenunua nondo na saruji ya lenta tu, ikaletwa mitaani pamoja na mtu wa kukagua. Chile mwaka 2010 walipigwa na 8.8, wakafa watu kama 500. Haiti mwaka huohuo, mwezi mmoja na nusu tu kabla, 7.0, wakafa zaidi ya laki moja. Tofauti kubwa ni namna nyumba zilivyofungwa. Sisi kwetu 5.9 tu imeondoka na watu 17, na bonde la ufa lile la magharibi halijahama.

MAMA WA WATATU, MISSENYI

Mimi si mtu wa kuandika mengi. Nyumba yetu ilianguka.

Shule kujengwa sikukasirika, wanangu wamesoma humo. Nilichokasirikia ni kusubiri. Walikuja watu wakatuandika majina, wakapiga picha, wakaondoka. Wakaja wengine na daftari lingine wakatuandika tena. Mwezi wa kumi kaka yangu wa Mwanza alikuwa na hela ya mabati akanipigia nitume? Nikamwambia kaka usitume, lipia ada za wanao, sisi Serikali inatuletea, tumeshaandikwa. Tumekaa hivyo mpaka Januari ndipo tukasikia kila mtu ajijengee. Nikampigia kaka, hela imeshaisha.

Wangetuambia Septemba ileile kwamba hakuna, ningekubali zile za kaka. Nilijifungua wa tatu kwenye kibanda cha turubai.

MLETA MADA

Nimesoma yote mara mbili, la dada wa Missenyi mara tatu. Pole sana dada. Nilifungua mada hii nikibishania fedha, wewe umeonyesha kwamba hata muda wenu ulichukuliwa. Mimi mwenyewe nilimwambia mama mkubwa maneno hayohayo kwa simu, kwamba avumilie, ameshaandikwa. Nimelikumbuka leo na limeniuma.

Fundi, nakubaliana na wewe kabisa, na ninadhani jibu la mwalimu limo humohumo kwenye maneno yako. Mwalimu, hesabu yako ya dola 100 ni sahihi, lakini umechukua mchango mmoja ukaugawa kana kwamba ndio ulikuwa wote. Hata hivyo tuchukulie fedha ilikuwa haba. Nepal mwaka 2015 walipigwa na 7.8, wakafa karibu watu 9,000 na nyumba zikaanguka kwa malaki. Nchi ile si tajiri. Waliamua kila kaya iliyobomolewa ipewe rupia 300,000, tena kwa awamu tatu: ya kwanza ukishasaini mkataba, ya pili msingi ukikaguliwa, ya tatu ukuta ukifika juu na kukaguliwa tena. Mwenye nyumba ndiye anajenga, mhandisi ndiye anasema endelea. Zilichelewa, watu walilala nje majira mawili ya baridi, sitaipamba. Lakini mtu alijua anapata nini na kwa sharti gani, na nyumba iliyosimama ilikuwa imefungwa kona.

Kuhusu wapangaji umeniweza, mwalimu. Sina jibu zuri. Labda mpangaji apewe godoro, vyombo na kodi ya miezi michache, na mwenye nyumba apewe nondo kwa sharti la kurudisha ukuta salama. Anayejua zaidi anisaidie.

Ninachokikataa bado ni hoja ya kwamba jengo huwezi kulitia mfukoni. Kama tatizo lilikuwa wezi, dawa ilikuwa kuweka wazi hesabu: kimeingia kiasi gani, kutoka kwa nani, kimekwenda kata gani. Ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji, kila mtu asome kwa kidole. Mwananchi wa Missenyi hakuiba, kwa nini yeye ndiye alipe kwa wizi wa mwingine?

Na Hanang nitaendelea kuitaja, hata kama nyumba zilikuwa mia tu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015 ilikuwapo tetemeko lilipotupiga, na sasa ipo ya mwaka 2022. Kama mwaka mmoja waliobomolewa wanaambiwa wajijengee na mwaka mwingine wanapewa funguo, mimi mtoto wa Bukoba nataka kuonyeshwa kifungu kinachosema ni lini inakuwa hivi na ni lini inakuwa vile. Bahasha ijayo ikipita mezani kwangu nitaandika mwenyewe juu yake: bati, nondo au darasa.

Naomba kitu kimoja kwa mliokuwa wenyeviti wa mitaa au watendaji wa Bukoba, Missenyi, Muleba na Karagwe mwaka ule. Yale madaftari ya majina, la kwanza na la pili, kama kuna anayelo bado, aje hapa atuambie lina kaya ngapi. Mama mkubwa aliandikwa yote mawili.