Nyumba ya mkopo: bima ya jengo ipo, je, vitu vya ndani navyo vimo?

Kipepeo77
Wadau, habari za leo. Nyumba ni ya mkopo. Benki imeshakata bima ya jengo na ada yake inalipwa pamoja na rejesho la kila mwezi. Naomba kueleweshwa mambo matatu. Bima hiyo inagusa samani, nguo na vyombo vya umeme, au vinakatiwa peke yake? Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni sawasawa na deni la benki, je, kuna ubaya? Na kwenye bima ya vitu vya ndani, kila kitu kinaorodheshwa au inatajwa jumla tu?

Kandili
Mkuu, naanza na swali la pili maana ndilo lenye hatari.

Benki inalinda fedha zake. Kama bima ni ya kiasi cha deni tu, nyumba ikiteketea yote fidia inafunga deni, nawe unabaki na kiwanja na kifusi. Ila linalowaumiza wengi zaidi ni hasara ya sehemu tu ya nyumba, kwa sababu mikataba mingi ina kanuni ya uwiano. Tuseme kuijenga upya nyumba hiyo ni milioni 100, na bima ni ya milioni 60. Moto unaharibu jiko, matengenezo ni milioni 20. Unaweza kudhani 20 imo ndani ya 60, kwa hiyo italipwa yote. Hapana. Umekatia asilimia 60 ya thamani, basi kampuni inabeba asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12. Ondoa na eksesi, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Ikiwa ni milioni 1, unapokea 11. Zile 9 zinatoka mfukoni mwako.

Kiasi kinachotakiwa ni gharama ya kujenga upya. Usitumie bei ya soko, kwa kuwa ndani yake kuna thamani ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Pima eneo la sakafu kwa vipimo vya nje ya kuta, ghorofa zote, uzidishe kwa gharama ya sasa ya kujenga mita moja ya mraba kwa kiwango kilekile cha umaliziaji. Ongeza ukuta wa uzio, geti, banda la gari, tangi la maji. Kisha ongeza kubomoa na kusomba kifusi, ada za msanifu na mhandisi, na vibali. Hivi vya mwisho ndivyo husahaulika, na vinaweza kufika asilimia 10 hadi 15 ya gharama ya ujenzi. Nyumba ikiwa kubwa au ya kipekee, mlipe mkadiriaji majenzi akupe hesabu ya maandishi.

Ukishapata namba, iombe benki nakala kamili ya mkataba, wala usiridhike na cheti cha ukurasa mmoja. Omba kiasi kipandishwe kwa ada ya nyongeza, au uliza kama wanakubali bima uliyokata mwenyewe ambayo benki imetajwa kuwa na haki katika fidia. Na usiichanganye na bima ya maisha ya mkopaji. Hiyo hulipa deni mkopaji akifariki, haijengi ukuta.

Tausi
Naongezea swali la kwanza na la tatu. Vitu vya ndani havimo kwenye bima ya jengo. Njia rahisi ya kutofautisha: nyumba ingegeuzwa juu chini, kinachobaki kimeshika ni jengo, kinachodondoka ni vitu vya ndani. Kabati za jikoni zilizojengewa ukutani, sinki, choo, milango, nyaya na mabomba ni jengo. Vitanda, friji, mapazia, nguo, simu ni vitu vya ndani. Penye utata ni kiyoyozi cha ukutani, paneli za sola na antena. Kampuni moja itaviweka huku, nyingine kule. Uliza kwa barua pepe na uhifadhi jibu.

Orodha: kwa vitu vya kawaida unataja jumla, lakini jumla hiyo itokane na hesabu ya chumba kwa chumba, maana kanuni ya uwiano inaweza kukukuta na huku. Vito, kamera, saa za bei na kompyuta huwa na kikomo kwa kila kimoja, na kinachozidi kikomo hicho lazima kiandikwe peke yake pamoja na thamani yake. Fedha taslimu hulipwa kidogo sana au hazilipwi kabisa.

Uliza pia fidia inahesabiwaje. Kuna mkataba unaolipa bei ya kitu kipya, na kuna unaokata uchakavu. Televisheni ya miaka mitano chini ya huo wa pili italeta sehemu ndogo tu ya bei ya dukani. Ada yake ni nafuu kwa sababu hiyo hasa.

Piga video ukifungua kila kabati na droo, soma namba za vifaa kwa sauti, na uihifadhi nje ya nyumba.

mwashi
Madai mengi yanakataliwa kwenye maji, kwa hiyo someni sehemu hiyo mara mbili. Bomba likipasuka ghafla na kulowesha dari, hasara hiyo inalipwa. Uvujaji wa miezi kadhaa ulioozesha mbao unahesabiwa kuwa ni kukosa matunzo, haulipwi. Tena, mara nyingi kinacholipwa ni uharibifu wa maji, wakati bomba lenyewe na kazi ya kuvunja ukuta kulitafuta huhitaji kifungu chake. Dhoruba na mafuriko navyo vinaweza kuwa majanga mawili tofauti kwenye mkataba mmoja. Nyufa zinazotokana na udongo kutitia huwa na eksesi kubwa kuliko hasara nyingine, na nyufa za ujenzi mbovu hazimo.

Wizi: mikataba mingi inadai dalili za kuvunja. Mlango ulioachwa wazi ni dai lililokufa.

Kipepeo77
Asanteni sana. Nyumba ikibaki bila mtu kwa miezi miwili? Na kama chumba kimoja kimepangishwa?

Tausi
Yote mawili yatolee taarifa mapema kwa kampuni. Mikataba mingi husimamisha wizi na uvujaji wa maji nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60 mfululizo. Funga maji kwenye koki kuu na umpe mtu kazi ya kuikagua, akiandika tarehe kila mara. Mpangaji ana vitu vyake, na hivyo havilindwi na bima yako, akate yake. Kuna mikataba inayoondoa wizi uliofanywa na mpangaji mwenyewe. Toa taarifa vilevile ukianza biashara nyumbani au ukarabati mkubwa, kwani kuficha jambo la uzito huo kunaweza kubatilisha mkataba.

Kandili
Siku ya hasara: zuia isizidi (funga maji, zima umeme, tandika turubai), piga picha kabla ya kusafisha, toa taarifa kituo cha polisi kama ni wizi, na ujulishe kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Matengenezo ya dharura fanya na utunze risiti. Ya kudumu yasubiri ukaguzi. Usitupe kilichoharibika. Mkadiriaji hasara anayekuja analipwa na kampuni, kwa hiyo leta makadirio yako mwenyewe ya mafundi wawili. Na fomu ya kukubali fidia mara nyingi inasema ni malipo ya mwisho. Usiisaini kabla fundi hajafungua dari na sakafu kuona kama kuna uharibifu uliojificha.