Benz W126 280 SE imelala nje, kutu imekula chini: naanza na bodi au injini?

Kitasa:
Habari wakuu. Kuna Mercedes 280 SE ya 1983, bodi ya W126, imelala nje Tanga, si mbali na bahari. Rangi ya juu bado inavumilika. Shida iko chini: kizingiti cha kushoto (bati la chini ya milango) bisibisi inazama, sakafu ya dereva ina tundu la ukubwa wa kiganja, na buti linajaa maji kila mvua ikinyesha. Injini ni M110, silinda 6, na haijazungushwa muda mrefu. Vifaa vilivyopo: grainda, jeki, stendi 4 na mashine ya kuchomelea ya vijiti. Fundi anashauri faiba na puti, kisha rangi. Inafaa? Na nianze na bodi au injini?

Bati Jeusi:
Mkuu, faiba hapana. Gari hili halina chesisi iliyotengana na bodi, bodi ndiyo chesisi, na kizingiti kinabeba mzigo. Faiba juu ya kutu hufungia unyevu ndani, bati linaendelea kuoza huku nje panang'aa.

Kabla ya kununua chochote, kagua. Vua yale maplastiki marefu ya ubavuni, kutu ya W126 hupenda kujificha nyuma yake. Kisha matundu ya jeki, chini ya betri, shimo la tairi la akiba, na pale fremu ndogo ya nyuma (inayobeba ekseli ya nyuma) inapofungwa kwenye bodi. Gonga kwa nyundo ndogo: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti butu na unga. Kama sehemu za kufungia fremu ya nyuma zimeoza, tafuta W126 nyingine yenye bodi nzima, hii uifanye ya kuchinja, yaani ya kutolea vipuri.

Maji ya buti anza kuyatafuta pembe za chini za kioo cha nyuma. Mpira ukikauka, maji yanakaa chini yake na kula bati polepole. Toa kioo, tibu bati, weka mpira mpya. Usipake silikoni juu juu, hasa ile inayonuka siki: asidi yake yenyewe huanzisha kutu. Angalia na mipira ya taa za nyuma.

Grainda 115:
Mashine ya vijiti iweke kando. Bati la bodi ni kama mm 0.8 hadi 1, kijiti kitatoboa matundu zaidi ya uliyoanza nayo. Kodi MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi), waya wa mm 0.6 au 0.8, gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Sakafu weka bati la geji 20, kizingiti geji 18, chuma laini kisicho na zinki. Bati la paa usiguse: ni jembamba mno, na moshi wa zinki utakulaza na homa.

Kata mpaka ufike chuma cheupe kisicho na kutu, ongeza sm 2 au 3. Ukifika kwenye kizingiti, chomelea kwanza bomba la mraba kukaza uwazi wa mlango, fanya upande mmoja kwa wakati, na kila hatua funga mlango uone kama nafasi zake zimebaki sawa. Bodi ikilala kidogo tu ukachomelea hivyo, mlango hautafunga tena vizuri. Piga nukta kila sm 3 kwa kurukaruka, na usirudi jirani ya nukta mpaka ile ya kwanza ipoe kiasi cha kuguswa kwa mkono. Ukiburuza mshono mrefu, bati linajikunja.

Hatari kubwa: tangi la W126 liko nyuma ya kiti cha nyuma. Ukichomelea ndani ya buti, tangi litoke kwanza. Chomoa betri, vua zulia, kwangua lami iliyopakwa chini ya bodi. Lami hushika moto upande usiouona, kwa hiyo awepo mtu na ndoo ya maji.

Kitasa:
Asanteni. Baada ya kuchomelea, oili chafu chini inatosha? Huku wengi hupulizia.

Grainda 115:
Hapana. Inavimbisha mipira ya sasipensheni, inakusanya vumbi, na baadaye rangi haishiki. Kwa gari la pwani adui ni chumvi iliyobaki kwenye vishimo vya chuma, hata baada ya msasa. Osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi, paka asidi ya fosfori, suuza, kausha siku hiyohiyo, kisha praima ya epoksi mara 2. Ziba maungio kwa silanti ya bodi, si ile silikoni. Puti ije juu ya epoksi, isizidi mm 3, maana puti hunyonya maji. Mwisho kabisa pulizia nta ndani ya kizingiti, na matundu ya chini ya kutolea maji yaache wazi. Wengi huyaziba wakidhani wanasaidia.

Plagi Sita:
Nikubaliane na wakuu, ila jaribu injini *kabla* ya kukata bati, ni kazi ya gharama ndogo. Toa plagi zote 6, mimina vijiko 2 vya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) iliyochanganywa na dizeli kila silinda, acha siku 2 au 3. Zungusha kwa mkono kwenye boliti ya krenki, kuelekea inakozunguka injini. Ikigoma, ongeza na usubiri. Stata usiguse.

Ikizunguka, bado usiwashe. Injini hii hupuliziwa petroli na mfumo wa K-Jetronic, na petroli ikilala humo huacha gundi. Mwaga tangi, safisha kichujio cha chini yake, badili filta, ndipo pampu ipewe umeme. Uchafu ukifika kwenye kigawanya mafuta, pistoni yake ndogo inakwama, na kuipata nyingine nzima ni mtihani. Hosi za mpira za breki badili zote bila kuzipima kwa macho: huvimba kwa ndani, nje zinaonekana nzima. Jaza mafuta mapya ya breki, DOT 4.