Kulungu wakubwa: sheria ipime bunduki au impime mpigaji?

MLETA MADA
Wakuu, kwa tunaoishi Ulaya kaskazini na Marekani, msimu wa kuwinda ukikaribia huwa ni ubishi mmoja tu. Elki wa Colorado, au musi wa Norwei ambaye dume lake huweza kupita kilo 400, anahitaji bunduki ya kaliba (kipenyo cha risasi) gani?

Tazameni sheria zinavyopishana. Colorado inataka kaliba isiyopungua inchi .24, na kwa elki risasi ya greni 85 (kama gramu 5.5) itakayofika yadi 100 ikiwa bado na nguvu ya futi-pauni 1,000, yaani jouli 1,350 hivi. Norwei kwa musi wanataka risasi ya gramu 9 yenye jouli 2,700 kwenye mita 100, au ya gramu 10 na zaidi yenye jouli 2,200. Musi ni mkubwa kuliko elki, sawa, lakini elki naye hajaumbwa kwa karatasi. Viwango hivi ni maelewano ya watu mezani zaidi kuliko vipimo vya maabara.

Msimamo wangu: kaliba iwekewe kiwango cha chini, basi, ukali wote uhamie kwa mpigaji. Norwei wameanza njia hiyo. Kila mwaka kabla ya msimu unapiga risasi 30 za mazoezi, kisha mtihani: risasi 5 kwa mita 100, zote ndani ya duara la sentimita 30 kwenye mchoro wa mnyama. Moja ikitoka nje umefeli. Colorado, ukizaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye, unadaiwa cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ukishakipata, hakuna anayekuuliza tena kama bado unaona vizuri.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Napinga. Askari wa wanyamapori akikukuta porini anachukua risasi yako, anasoma maandishi kwenye kitako cha ganda, anajua kama umevunja sheria. Shabaha yako ataisomea wapi? Tena uwanjani unapiga umetulia. Mlimani umepanda tangu alfajiri, pumzi zimekatika, vidole vimekufa ganzi, upepo unatoka ubavuni. Hapo .300 Winchester Magnum, yenye risasi ya nguvu kubwa, inakufichia aibu. Hata Tanzania, nyati haendewi na chini ya .375, na sijasikia mtu analalamika.

MCHANGIAJI WA PILI
Haikufichii kitu, mkuu. Ukimpiga tumboni umempiga tumboni, iwe kwa Magnum au kwa 6.5x55, risasi ya milimita 6.5 ile ya mwaka 1894 ambayo Wasweden na Wanorwei wameangushia musi vizazi na vizazi. Mnyama anaanguka kwa mapafu na moyo. Mmemsahau Bell wa Karamoja, yule mwindaji Mskoti wa zamani? Aliua tembo zaidi ya 1,000 Uganda na kwingineko Afrika, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7.

MCHANGIAJI WA TATU
Nilijua Bell hatakosa! Yule uwindaji ulikuwa kazi yake. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Wewe wa likizo ya wiki moja usijipime naye. Uzeeni kwao Uskoti akawa anapiga kulungu wekundu kwa .220 Swift, kaliba ndogo ambayo risasi yake ya kawaida haifiki gramu 4. Leo Uskoti inadai greni 80, yaani gramu 5.2, kwa kulungu hao. Bell angekamatwa. Sheria haitungwi kwa ajili ya fundi mmoja, inatungwa kwa ajili yetu sisi wengine.

MCHANGIAJI WA NNE
Mnabishana kipenyo, risasi yenyewe imetengenezwa kwa nini hamsemi. Ya madini ya risasi (ledi) hupasuka na kuacha vipande vidogo mbali na jeraha, na nyama hiyo watoto wanakula. California imeipiga marufuku katika uwindaji tangu Julai 2019, Denmaki tangu 2024. Sasa shaba ni nyepesi: kwa urefu uleule inapungua uzito. Mwenye 6.5x55 akihamia shaba anaweza kujikuta chini ya gramu 9 na sheria inamkataa, ilhali risasi hiyo inapenya vizuri. Kipimo cha gramu kimepitwa na wakati.

MLETA MADA
Hoja ya shaba naikubali, tena inanisaidia. Kwa mtu wa bunduki moja ningesema .308 au .30-06, risasi zinapatikana kila duka na bega linavumilia. Wa kwanza, kuhusu Magnum, fanya hivi: mwombe mwenzako akujazie bunduki, achanganye ganda moja tupu bila wewe kujua lipo wapi. Ukifika kwenye lile tupu, angalia mdomo wa bunduki. Wengi wenye Magnum huuona ukizama kabla kifyatulio hakijamaliza safari, kwa sababu mwili umeshalikwepa teke la bunduki. Hitilafu hiyo, kwenye mita 200, ndiyo inayompeleka mnyama porini na mguu uliovunjika. Norwei huruhusiwi kuwinda musi bila kuwa na uhakika wa kupata mbwa aliyeidhinishwa wa kumfuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Wanaotetea kaliba kubwa, mngekubali sharti hilo liwekwe Colorado badala ya kuongeza milimita?