Naomba ushauri: wiki moja Lanzarote na mama aliyekimbia lava

Furaha wa Himbi
Jambo wapenzi. Tunajiandaa kwenda Ubelgiji kwa yaya wangu (dada yangu mkubwa) anayeishi Liège. Tutapitia Kigali, viza tumeshapata. Sasa yaya ametushtukiza: katikati ya Februari ametulipia wiki moja Lanzarote, kile kisiwa cha Hispania kilicho kwenye Atlantiki, upande wa pwani ya Moroko. Anasema baridi ya Liège itatumaliza, bora tukaote jua.

Tuko wanne: yaya, mimi, kijana wake wa miaka 14, na mama. Kazi iko kwa mama. Nyumba yetu ya Birere, hapa Goma, ilienda na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, akavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na sufuria kichwani. Mwaka 2021 akakimbia tena, safari hiyo upande wa Sake. Alipoonyeshwa picha za Lanzarote kwenye simu, makoro meusi (mawe ya lava) hadi macho yanachoka, akasema: "Nipande ndege nikaangalie hayo? Si ninayo hapa uani?" Maisha yake ni shamba la Kibumba, kabichi na karoti. Magoti yanamsumbua, na kuogelea hajui.

Huko kuna nini cha kufanya zaidi ya kulala kwenye mchanga? Na volkano yenyewe, nimpeleke au nimwache hotelini?

Kadogo_Majengo
😂😂 Batu ya Goma bataenda kulipa feza juu ya kuangalia makoro! Bakuje huku Majengo, tutabaonyesha bure, na vumbi juu.

Papa Shukuru
Dada Furaha, usimsikilize huyo. Kama mama ni mkulima, msianzie kwenye volkano. Anzeni La Geria, kwenye mashamba ya mizabibu.

Nieleze kidogo. Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ya huko ilipasuka, na moto haukuisha hadi 1736. Miaka karibu sita! Sisi lava ya siku moja tu ilitutoa mjini. Vijiji vilizikwa na karibu robo ya kisiwa ikafunikwa. Padri wa Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, alikuwa akiandika yaliyokuwa yanatokea, ndiyo maana yanajulikana hadi leo. Watu wengi walihamia visiwa vya jirani. Waliobaki waligundua kitu: zile punje nyeusi za volkano, wenyewe wanaziita picón, zinakamata unyevu wa usiku na kuzuia udongo usikauke. Na mvua ya kisiwa kile kwa mwaka mzima haifiki milimita 200, kwa hiyo unyevu huo ndio uhai wao.

Sasa mkulima anachimba shimo pana la duara hadi afikie udongo wa zamani uliofunikwa. Anapanda mzabibu humo, mara nyingi mmoja tu, halafu upande unaotokea upepo anajenga ukuta mdogo wa mawe, nusu duara, bila saruji. Shimo lake na ukuta wake, shimo lake na ukuta wake, mlima mzima. Februari mizabibu itakuwa vijiti bila majani, msitegemee kijani. Mimi naona ndiyo vizuri, maana ukuta na shimo vinaonekana wazi. Barabara inapita katikati, mama ataona mengi bila kupanda popote. Divai yao nyeupe ya malvasía inaonjwa hapo hapo, kama mama si mtu wa kanisa zinazokataza.

Neema_B
Nakubaliana na Papa kuhusu La Geria. Kuhusu Timanfaya, hiyo hifadhi ya volkano: kutembea hovyo hairuhusiwi. Watu wanazungushwa na basi katikati ya lava na hamshuki njiani, kwa hiyo magoti ya mama yako salama. Nendeni asubuhi mapema, foleni ya magari ikishaanza ni mateso.

Lakini Furaha, mwambie mama mapema kuhusu lile onyesho. Ardhi ya pale bado ina moto chini. Mfanyakazi anachota changarawe chini kidogo tu na kukuwekea mkononi, huwezi kuzishika, unazimwaga mwenyewe. Halafu anasukuma majani makavu kwenye shimo, yanawaka bila kiberiti. Mwisho anamwaga maji kwenye bomba lililochomekwa ardhini, maji yanarudi juu kwa mvuke na mlio mkubwa wa ghafla. Kwa mtalii wa kawaida ni kicheko. Kwa mtu aliyesikia Nyiragongo usiku si kicheko. Akiwa anajua kinachokuja, anaweza kuchagua kusimama mbali au kubaki garini. Mimi singemlazimisha, na singemwamulia pia.

Mkahawa ulio hapo unachoma nyama juu ya shimo kama kisima, joto linatoka ardhini moja kwa moja.

Kadogo_Majengo
Ngoja. Kuku bila makala (makaa)?? Na gunia la makala bei yake munaijua. Sasa ninafuata hii uzi na heshima.

Baraka Keshero
Samahani, si ndiko volkano ililipuka 2021, nyumba zikaenda na lava? Mimi singepeleka mzazi huko.

Neema_B
Hapana ndugu, hiyo ni La Palma, kisiwa kingine cha Kanari. Ilianza Septemba 2021 ikaisha Desemba, mwaka ule ule wa kwetu. Lanzarote ililipuka mara ya mwisho 1824.

Yaya Esther, Lubumbashi
Mimi niliyependa ni mambo ya César Manrique. Alikuwa mchoraji mzaliwa wa huko, alikufa 1992. Ndiye aliyepigania kisiwa kisijae maghorofa, na kweli ukipita unaona nyumba fupi nyeupe, mbao za milango kijani. Nyumba yake ya Tahíche aliijenga ndani ya mapovu ya lava, vyumba viko chini na juu kuna mwanga. Watu wa Goma mnajenga kuta kwa mawe ya lava, mwenzenu aliingia ndani yake akaweka makochi.

Kazi yake nyingine ni Jameos del Agua, pango la lava lenye ziwa dogo. Ndani ya maji kuna kaa weupe vipofu, wadogo kama ukucha, ukiinama unaona kama chumvi imemwagika juu ya mwamba. Usitupe sarafu! Chuma kinachafua maji na kuwaua. Kuna ngazi, lakini mama akishikwa mkono atafika. Karibu yake kuna Cueva de los Verdes, sehemu ya mfereji huo huo wa lava, ambako zamani watu walijificha maharamia wakija. Humo kuna kuinama, mwacheni mama nje na kahawa. Kijana aende, kuna kitu mwishoni ambacho sisemi, na aliyewahi kuingia asimwambie.

Papa Shukuru
Bahari: Papagayo, mchanga mweupe, imekingwa na upepo. Famara ni nzuri kwa macho, ila mawimbi na mikondo yake si ya mtu asiyejua kuogelea. Maji ya Februari ni baridi, msidanganywe na jua. Na huo upepo! Mama achukue kitambaa cha kufunga kichwani kisawasawa.

Chakula hakitawashinda. Viazi vidogo vinachemshwa na maganda kwenye maji ya chumvi nyingi hadi ngozi ikunjamane, vinaliwa na mchuzi wa mojo, mwekundu au wa kijani. Mwekundu wanasema unawasha. Bebeni pilipili yenu. Jibini yao ni ya mbuzi, ngumu kidogo, aliyezoea ya Masisi ataanza kulinganisha.

Furaha wa Himbi
Aksanti sana, kabisa. Tutakodi gari, yaya ndiye ataendesha. Kijana anataka ngamia. Mama nimemsomea yote, kwa volkano bado hajajibu, ila ameuliza: hayo mashimo ya mizabibu yanalimwa na mashine au mikono? Na je, anaweza kuleta jiwe moja aweke sebuleni?

Papa Shukuru
Mikono. Mashine haiingii mle, hata kuvuna, Julai na Agosti, ni mikono. Zamani ngamia ndio waliobeba mizigo ya shamba, leo wanabeba watalii pale Timanfaya, mmoja kila upande wa nundu. Jiwe hapana, kuchukua mawe ni marufuku.

Kadogo_Majengo
Jiwe nitamupatia mimi, mama. Chukudu moja mzima, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo.